Samaki mpya asiingie tangi kubwa kabla ya karantini

Wadau wa matangi ya maji chumvi, samaki mpya usimtose moja kwa moja kwenye tangi kubwa hata kama anang'aa vipi. Andaa tangi dogo pembeni, bila mchanga wala mawe maana yananyonya dawa, weka filta ya sponji, pampu ya hewa na vipande vya bomba la PVC ajifiche humo, Kariakoo vipo kibao. Akae wiki 4 mpaka 6. Ukiona vidoti vyeupe kama chembe za chumvi kwenye mapezi, anajikwaruza, anahema mbio, mpe dawa ya shaba, na upime kiwango cha shaba kwenye maji kila siku usibahatishe. Amonia, ile sumu inayotokana na uchafu wa samaki, nayo inapanda fasta humo, badilisha maji.

Matumbawe yana tangi lake, shaba inayaua. Yachovye kwenye dawa ya wadudu wa matumbawe, ila mayai ya hao wadudu huwa hayafi, yakwangue kwa mswaki halafu urudie baada ya wiki. Wengi wanayakalisha siku 76 bila samaki yeyote ili vimelea vya vidoti vikose pa kula.

Na joto letu la Januari, feni ipulize juu ya maji, yakipungua ongezea maji yasiyo na chumvi, na pampu ya betri iwe karibu maana umeme haupigi hodi ukikatika.