Kupiga hesabu ya umbali na muda wa ndege: Nairobi hadi New York

Usipime kwa rula kwenye ramani ya ukutani. Dunia ni mviringo, na njia fupi kutoka Jomo Kenyatta (NBO) hadi John F. Kennedy (JFK) hupanda kaskazini-magharibi juu ya Chad, Niger, Algeria na Moroko, ndipo iingie Atlantiki. Kwenye ramani bapa huonekana imepinda.

Chukua latitudo na longitudo za viwanja vyote viwili. NBO ni -1.32 na 36.93, JFK ni 40.64 na -73.78. Kusini na magharibi hupewa alama ya kutoa, na hapo ndipo wengi huharibu, maana husahau kwamba Nairobi iko kusini mwa ikweta. Tofauti ya longitudo ni 110.71. Weka kikokotoo kwenye digrii, kwani kikiwa kwenye radiani jibu halitafaa kitu, kisha andika:

sin(-1.32) × sin(40.64) + cos(-1.32) × cos(40.64) × cos(110.71) = -0.2833

Bonyeza cos⁻¹ upate digrii 106.46. Kila digrii ni km 111.2, kwa hiyo umbali ni takriban km 11,840. Anga la nchi likifungwa kwa vita, kama la Sudan Aprili 2023, marubani huzunguka na kilomita huongezeka.

Boeing 787 ikishatulia juu huenda karibu km 900 kwa saa. 11,840 ÷ 900 ni 13.16. Hiyo si saa 13 na dakika 16! Zidisha 0.16 kwa 60: ni dakika 10 tu. Ongeza nusu saa kwa ajili ya kupaa na kushuka, ambako mwendo ni mdogo, na dakika 20 hadi 30 za kutembea ardhini.

Kilichobaki ni upepo. Juu ya Atlantiki ya kaskazini huvuma kwa nguvu kutoka magharibi, ukikinza ndege ya kwenda na kuisukuma ya kurudi. Ndiyo maana safari ya moja kwa moja ya Kenya Airways, iliyoanza 28 Oktoba 2018, huchukua kama saa 15 kwenda na kama 14 kurudi. Ukipitia Doha, njia yenyewe ni karibu km 14,100, mbali na muda wa kusubiri.

Saa za kwenye tiketi ni za mahali husika. Tuseme unaondoka 23:25 na kufika 06:25. Ukitoa tu utapata saa 7, jambo lisilowezekana. Geuza kwanza saa ya New York iwe ya Nairobi: ongeza 8 wakati wa baridi, au 7 kuanzia Jumapili ya pili ya Machi hadi Jumapili ya kwanza ya Novemba. 06:25 inakuwa 14:25, na safari ni saa 15 kamili.

Jihadhari sana na saa za baada ya 00:00. Tiketi ikisema 00:15 tarehe 12, ni saa sita na robo usiku wa kuamkia tarehe 12. Uwe uwanjani tarehe 11, saa tatu usiku.