Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kuchagua Ndege ya Kwanza Katika Shirika Jipya

Rubani anapoajiriwa na shirika la ndege lenye ndege za aina kadhaa, mara nyingi hutakiwa kuamua mapema sana, wakati mwingine ndani ya wiki ya kwanza ya mafunzo, angependa kurusha ndege ipi na kutoka kituo kipi, yaani uwanja ambako safari zake za kazi zitaanzia. Katika mashirika yanayofuata ukongwe kazini, kama yalivyo mashirika makubwa ya Marekani, nafasi zilizotangazwa hugawiwa kwa kufuata namba ya kila mmoja katika kundi lake, na walioanza siku moja hupangwa kwa kigezo kilichowekwa na shirika, kwa mfano umri. Aliye juu katika mpangilio huo huchagua kwanza, na wa mwisho huchukua kilichobaki. Kwa hiyo jambo la kwanza la kuandaa ni orodha kamili ya nafasi zote, zikiwemo zile asizozitaka, kwa mpangilio wa kweli wa mapendeleo yake, kwa kuwa anayeandika chaguo mbili tu huwaachia wengine wamwamulie yaliyosalia.

Kituo kitangulie ndege katika kufikiri. Rubani anayeishi mbali na kituo chake husafiri kwenda kazini kwa muda wake mwenyewe, mara nyingi akitegemea kiti kisicho na abiria, na safari hiyo haihesabiwi kuwa kazi ingawa uchovu wake unahesabika vizuri sana mwilini. Ndege za masafa mafupi humwita kituoni mara nyingi kwa mwezi, ilhali za masafa marefu humwita mara chache kwa safari za siku kadhaa mfululizo, na ndiyo maana asiyekusudia kuhamia kituoni huweza kufaidika zaidi na ndege kubwa hata kama hakuwahi kuipenda. Anayeishi karibu na kituo ana uhuru zaidi, na kwake safari ya siku moja inayomrudisha nyumbani jioni inaweza kuwa na thamani kuliko ndege yoyote ya kifahari.

Linalofuata, na ambalo kwa maoni yangu wengi hulipuuza, ni ukongwe wa kulinganisha. Namba ya rubani katika shirika zima haimwambii mengi. Kinachoamua maisha yake ni nafasi yake miongoni mwa marubani wasaidizi wa ndege ileile katika kituo kilekile, kwani hao ndio anaoshindana nao kupata ratiba, siku za mapumziko na likizo. Mtu mmoja anaweza kukaa mkiani kwa miaka kwenye ndege kubwa inayopendwa, huku mwenzake aliyeanza naye akifika katikati ya orodha mapema kwenye ndege ndogo ambayo wakongwe wanaikimbia. Aliye mkiani huwekwa kwenye zamu ya akiba, maana yake hana safari zilizopangwa bali hukaa tayari kuitwa pale mwenzake anapougua au ratiba inapovurugika, na katika mashirika mengi hutakiwa kufika uwanjani ndani ya saa chache tu baada ya simu. Zamu ya akiba na makazi ya mbali haviendi pamoja bila kukodi chumba karibu na kituo. Kabla ya kuchagua, basi, inafaa kuuliza ni lini aliajiriwa rubani wa chini kabisa mwenye ratiba ya kudumu kwenye kila ndege, na kama wageni zaidi watapelekwa huko katika miezi ijayo, kwa sababu wageni wanaokuja nyuma ndio wanaomsukuma mtu juu.

Mustakabali wa ndege yenyewe uchunguzwe vilevile. Mwaka 2020, safari zilipoporomoka kwa sababu ya janga la UVIKO-19, American Airlines iliziondoa Boeing 757, Boeing 767 na Embraer 190, Delta ikaziondoa MD-88, MD-90 na Boeing 777, na British Airways ikaiaga Boeing 747. Ndege inapoondolewa, marubani wake hulazimika kuhamia aina nyingine, pengine na kituo kingine, na kuanza mafunzo upya. Hata ndege mpya si kinga kamili: Boeing 737 MAX ilizuiwa kuruka duniani kote mwezi Machi 2019, na huko Marekani haikuruhusiwa tena hadi Novemba 2020. Hakuna awezaye kutabiri hayo yote, lakini umri wa ndege zilizopo na idadi ya ndege zilizoagizwa ni habari ambazo kwa kawaida mashirika huzitangaza hadharani, na kuzisoma hakugharimu kitu.

Aina ya urukaji ndiyo sehemu inayohitaji uaminifu mkubwa kwa nafsi. Katika masafa mafupi rubani anaweza kupaa na kutua mara nne au zaidi kwa siku, akikutana na viwanja, hali za hewa na waongozaji wa ndege wa kila namna. Katika masafa marefu saa za kuruka hujaa haraka lakini kutua huwa kwa nadra, kwa sababu safari moja inaweza kuwa na marubani watatu au wanne wanaopokezana na ni mmoja tu anayetua. Kanuni za kimataifa hudai kupaa na kutua mara tatu ndani ya siku 90 zilizopita, na wapo marubani wa ndege kubwa wanaotimiza sharti hilo kwenye simuleta, yaani mashine ya mafunzo inayoiga ndege. Kwa mwenye uzoefu mdogo, ningeshauri miaka ya mwanzo katika masafa mafupi, kwa kuwa mkono hujengwa kwa kurudia. Aliyekwisha kuruka sana kwingine anaweza kupima mengine, hasa usingizi. Kuvuka kanda nyingi za saa huchosha mwili kwa namna moja, na kuamka alfajiri siku nne mfululizo huuchosha kwa namna nyingine, na kila mtu hujua ni upi kati ya uchovu huo anaoweza kuubeba.

Mafunzo ya aina ya ndege yana masharti yake. Ithibati moja, yaani kibali cha kurusha aina fulani ya ndege, huhusisha familia nzima ya Airbus A320, kuanzia A318 hadi A321, na Boeing 757 na 767 huenda pamoja vilevile. Anayetoka Boeing kwenda Airbus atakuta fimbo ndogo ya pembeni badala ya usukani, na vishikio vya nguvu za injini visivyosogea vyenyewe mfumo unapobadilisha nguvu hizo, mambo yanayozoeleka lakini yanayodai muda wa kusoma. Mkataba usomwe kwa makini kuhusu kipindi ambacho rubani haruhusiwi kuomba ndege nyingine baada ya kumaliza mafunzo, na kuhusu gharama anazopaswa kurudisha akiacha kazi kabla ya muda uliowekwa.

Mshahara una uzito mdogo kuliko unavyodhaniwa, angalau mwanzoni. Katika baadhi ya mashirika mwaka wa kwanza hulipwa kiwango kimoja kwa ndege zote, na baadaye tofauti kati ya ndege ndogo na kubwa mara nyingi huzidiwa na tofauti kati ya rubani msaidizi na nahodha. Anayelenga unahodha aangalie ni ndege ipi inayofungua mlango huo mapema, na kwa kawaida ni ile ndogo.

Hatimaye, azungumze na marubani wasaidizi wa kila ndege walioajiriwa mwaka mmoja au miwili iliyopita. Nahodha wa siku nyingi atasimulia maisha ambayo mgeni hatayapata kwa muda mrefu. Waombwe waonyeshe ratiba halisi ya mwezi uliopita, mahali walipolala na siku walizokuwa nyumbani. Akiisha kukabidhi orodha yake na kupata nafasi, hata kama ni ya mwisho aliyoiandika, aulize siku hiyohiyo tarehe ya kwanza atakayoruhusiwa kuomba tena, na aihifadhi pamoja na nakala ya mkataba.