Somo: Kuchagua na Kufunga Kemshafti Mbadala kwenye Injini ya Pikipiki ya Zamani

Wenye Honda XL185S wanaobeba ndoo za asali kutoka Sikonge kuja Tabora mjini wanajua kwamba kemshafti yake, yaani shafti yenye nundu zinazofungua valvu za injini, ikishalika, kupata nyingine ya kiwandani ni kazi. Wengi huishia kuagiza ya watengenezaji wengine, na muuzaji huwaambia neno moja tu: hii ni ya mbio, au hii ni ya kazi. Maneno hayo hayatoshi. Kemshafti huchaguliwa kwa kuangalia mzigo na mwendo wa pikipiki, kisha hufungwa kwa kupima, kwa sababu alama iliyogongwa kiwandani inaonyesha mahali pa kuanzia tu.

Kabla ya kununua, omba karatasi ya vipimo. Kipimo cha kwanza ni kimo ambacho valvu hunyanyuliwa, kwa milimita. Cha pili ni muda ambao valvu hukaa wazi, unaohesabiwa kwa nyuzi (digrii) za mzunguko wa krenki, yaani shafti inayozungushwa na pistoni. Cha tatu ni kitovu cha nundu, yaani nyuzi ambapo valvu imefunguka kabisa. Muda wa kukaa wazi hauna maana usipojua umeanza kuhesabiwa valvu ikiwa imenyanyuka kiasi gani. Mtengenezaji mmoja huanza pale valvu inapotikisika tu, mwingine huanza kwenye milimita 1, kwa hiyo nyuzi 280 za huyu zinaweza kuwa fupi kuliko nyuzi 240 za yule. Linganisha namba zilizopimwa kwa njia moja, na kama karatasi haisemi njia, usinunue.

Jambo linalowaponza wengi ni pale valvu ya kuingiza inapofunga. Kemshafti ya mbio huichelewesha, pistoni ikiwa tayari imeanza kupanda. Injini ikizunguka kwa kasi kubwa, hewa ina msukumo wake na huendelea kuingia, hivyo nguvu huongezeka huko juu. Ikizunguka polepole, sehemu ya hewa hiyo hurudishwa kwenye kabureta, mgandamizo hupungua, na utaona kiki imekuwa nyepesi huku pikipiki ikikosa nguvu kwenye mchanga. Tabora iko takribani mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi kwa takribani asilimia 11 kuliko ya pwani, kwa hiyo injini zetu tayari zinapumua hewa pungufu na hazina akiba ya kupoteza. Kwa pikipiki ya mzigo ushauri wangu ni kuchukua kemshafti yenye muda sawa na wa asili, au uliozidi kwa nyuzi zisizopita 10, na kama ni kuongeza kitu, ongeza kimo kidogo.

Kagua pia kitakachoipokea. Katika XL185S kemshafti huzunguka moja kwa moja kwenye alumini ya hedi (kichwa cha injini), bila beringi, kwa hiyo hedi iliyochimbika itaiharibu na mpya. Zibua tundu za oili. Roka, yaani mikono midogo inayosukumwa na nundu ili ifungue valvu, zikiwa na uso uliolika usizirudishe, hata kama zinaonekana zinafaa, kwa sababu zitaichubua nundu mpya mapema sana.

Hatua ya kwanza: kupata kilele cha kweli cha pistoni. Funga sahani ya nyuzi 360 kwenye krenki na uweke kielekezi cha waya mgumu. Kwenye tundu la plagi ingiza kizuizi kitakachoisimamisha pistoni kabla haijafika juu. Zungusha krenki kwa mkono taratibu hadi igote, andika nyuzi, kisha zungusha upande mwingine hadi igote tena na uandike. Katikati ya namba hizo mbili ndipo kilele kilipo, na hapo ndipo sifuri ya sahani inapokaa. Alama ya T kwenye flaiwili itakuwa karibu, lakini karibu haitoshi kwa kazi hii.

Hatua ya pili: kufunga kemshafti. Paka nundu zote grisi ya molibdenamu. Pistoni ikiwa kileleni na roka zote zikiwa zimelegea, panga alama za sproketi kama zilivyo kwenye kitabu cha injini, kisha kaza kikaza cheni, kwa kuwa cheni iliyolegea itakupa vipimo vya uongo.

Hatua ya tatu ndiyo moyo wa kazi. Weka tapeti (uwazi mdogo kati ya roka na valvu) kwenye nafasi iliyotajwa katika karatasi ya kemshafti, kisha simamisha saa ya kupimia (kipimo cha mshale kinachosoma milimita) juu ya kofia ya springi ya valvu ya kuingiza. Zungusha krenki kuelekea upande injini inakozungukia tu. Ukipitiliza, rudi nyuma robo mzunguko ndipo uje tena mbele, ili ulegevu wa cheni ubaki upande mmoja. Tuseme valvu imefika milimita 1 ikiwa zimebaki nyuzi 10 kabla ya kilele, na wakati wa kufunga imerudi kwenye milimita 1 ikiwa ni nyuzi 40 baada ya pistoni kufika chini kabisa. Jumla ni 10 na 180 na 40, yaani 230. Nusu yake ni 115, na ukitoa zile 10 unapata kitovu kwenye nyuzi 105 baada ya kilele. Kama karatasi inasema 102, kemshafti yako imechelewa kwa nyuzi 3. Kuruka jino hakutasaidia: kwenye sproketi ya meno 36 jino moja ni nyuzi 10 za kemshafti, ambazo ni nyuzi 20 za krenki. Dawa ni kurefusha kidogo matundu ya boliti za sproketi kwa tupa ya duara, kusogeza, kupima upya, kisha kukaza kwa gundi ya nyuzi za boliti. Ukilazimika kukosea upande mmoja, iache iwahi kidogo, kwani kuwahi huongeza nguvu ya chini.

Hatua ya nne: nafasi kati ya valvu na pistoni. Bandika plastisini (udongo laini wa kufinyangia) juu ya pistoni, paka valvu oili isinate, funga hedi kwa gasketi iliyokwishatumika, na uzungushe krenki kwa mkono mizunguko miwili kamili. Fungua, kata plastisini kwa wembe katikati ya alama ya valvu, na upime pale palipo pembamba zaidi. Nisingekubali chini ya milimita 1.5 kwa valvu ya kuingiza na milimita 2 kwa valvu ya moshi. Angalia pia kwamba springi haijabanana koili kwa koili valvu ikiwa wazi kabisa.

Hatua ya tano: kuwasha. Piga kiki plagi ikiwa nje hadi oili ifike kwenye hedi. Ikiwaka, usiiache ikinguruma chini chini. Iweke kwenye mizunguko kama 2,000 hadi 2,500 kwa dakika. Kwa kuwa injini hupozwa kwa upepo, ni heri uiendeshe taratibu kwenye barabara tambarare kuliko kuiacha imesimama. Mwaga oili hiyo mapema na upime tapeti upya injini ikiwa baridi.

Maswali ya wanachama

Swali kutoka Urambo: Shikamoo fundi. Nina CG125 ya zamani. Naweza kupata kemshafti ya kutenganisha zaidi nundu mbili?

Jibu: Marahaba. CG125 ina nundu moja inayosukuma valvu zote mbili, kwa hiyo hakuna cha kutenganisha. Haina cheni ya taimingi pia, inaendeshwa kwa gia. Rudisha ya asili na uangalie vizuri pushirodi.

Swali kutoka Ujiji: Babu alituachia Triumph T120. Taimingi yake, yaani mpangilio wa kemshafti na krenki, inakataa kwa nyuzi chache. Nitoboe gia?

Jibu: Usitoboe, ndugu yangu. Gia za kemshafti za injini hiyo zina njia tatu za ufunguo, yaani mifereji ya kuishikia gia kwenye shafti. Chora alama kwenye njia iliyotumika sasa, jaribu nyingine, na upime kila mara. Marekebisho madogo yanapatikana humo humo.

Swali kutoka Nzega: Vipi kuhusu kujaziwa nundu kwa kuchomelea?

Jibu: Inawezekana kwa karakana yenye mashine ya kusagia kemshafti na madini magumu ya kujazia. Kuchomelea kwa kawaida na kusawazisha kwa tupa kutakupa uso usio mgumu utakaolika na kuchafua oili yote.

Swali kutoka Kasulu: Nimefunga, inawaka, lakini haitulii na inapiga mipasuko kwenye ekzosi.

Jibu: Anza na tapeti, kaka, kwa sababu valvu isiyofunga kabisa huleta hivyo hivyo. Zikiwa sawa, rudia kipimo cha hatua ya tatu. Kabureta iguse mwisho, ukianzia jeti ndogo, na ubadilishe namba moja kwa wakati mmoja.