Kudhibiti Toni ya Picha Nyeusi na Nyeupe kwenye Printa ya Wino

Mwongozo huu wa kudhibiti toni, yaani mwelekeo mdogo wa rangi ndani ya kijivu, nimeuandika baada ya kumsaidia kijana mwenye studio ndogo hapa Arusha, ambaye picha zake nyeusi na nyeupe zilionekana na ukijani chini ya tyubulaiti za dukani, lakini zikitolewa nje zinaingia wekundu. Alikuwa ameshabadilisha wino na kusafisha hedi ya printa bila mafanikio, kwa sababu tatizo halikuwa huko.

Printa nyingi za studio zetu, zile za matangi ya wino wa rangi sita, zina wino mweusi wa aina moja tu. Sehemu kubwa ya kijivu hupatikana kwa kuchanganya wino wa rangi. Mchanganyiko ukielemea upande mmoja hata kidogo, jicho hulibaini hilo, hasa kwenye vijivu vya kati, na kila taa huuonyesha kwa namna yake. Anayekusudia kuuza picha za kutundika ukutani ni afadhali adunduize anunue printa yenye mweusi, kijivu na kijivu hafifu, kuliko kupigana na mashine ya picha za pasipoti.

Hatua ya 1. Geuza picha kuwa nyeusi na nyeupe ndani ya programu ya kuhariri, katika biti 16, ambayo ina ngazi nyingi zaidi za kijivu kuliko biti 8.

Hatua ya 2. Chagua karatasi moja uizoee. Karatasi nyeupe mno huwa na kemikali ya kung'arisha inayoifanya ielekee usamawati mchana, na kemikali hiyo hufifia kadiri miaka inavyopita. Mimi huikwepa.

Hatua ya 3. Amua ni nani atakayesimamia rangi: programu ya kuhariri au draiva, yaani programu ya kompyuta inayoiendesha printa. Hapa ndipo saa nyingi hupotea. Ikiwa programu ndiyo inayosimamia, ipe profaili ya karatasi yako (faili inayoeleza jinsi printa na karatasi hiyo zinavyotoa rangi) na uzime kabisa marekebisho ya rangi ndani ya draiva. Vyote viwili vikifanya kazi kwa pamoja, picha hurekebishwa mara mbili na kijivu huchafuka. Kinyume chake, ukitumia Epson yenye chaguo la Advanced B&W Photo, ambalo hutumia zaidi wino mweusi na vijivu na kuongeza rangi kidogo tu, basi iachie printa usimamizi, kwani profaili ya kawaida ya rangi haina kazi hapo. Hakikisha pia aina ya karatasi uliyochagua kwenye draiva inalingana na iliyomo kwenye trei, kwa kuwa chaguo hilo ndilo linaloamua kiasi cha wino na, kwa baadhi ya printa, ni mweusi upi utumike, wa karatasi ya kung'aa au wa karatasi isiyong'aa. Wala usidanganywe na kisanduku cha Grayscale (kijivu pekee) kwenye printa ndogo: kukiweka alama si hakikisho kwamba wino wa rangi hautaguswa. Mipangilio ikikaa sawa, ihifadhi kwa jina lake, na uikague tena kabla ya kila kazi.

Hatua ya 4. Chapa ngazi ya vijivu yenye visanduku 21, kuanzia asilimia 0 hadi 100 kwa tofauti ya 5. Ikiwa 95 na 100 havitofautiani, inua vivuli kwa kevu (mstari wa kurekebisha mwanga ndani ya programu ya kuhariri) kwenye nakala ya faili. Karatasi isiyong'aa huhitaji hili zaidi, kwa kuwa weusi wake si mzito sana.

Hatua ya 5. Sasa weka toni. Katika Advanced B&W Photo, anza na Neutral (kijivu kisichoelemea rangi yoyote), kisha sogeza alama ya duara la rangi kidogo kidogo, ukichapa vipande vidogo na kuandika namba za kila kimoja nyuma yake. Nyuso za wazee hupendeza zikiwa na ujoto kidogo, yaani kuelekea ukahawia. Mlima Meru wenye mawingu huvumilia ubaridi, yaani kuelekea usamawati. Sepia ya draiva siipendi. Anayetaka kuongoza kila wino peke yake atumie QuadTone RIP, programu ya kuchapa inayotumika badala ya draiva ya kawaida, mradi printa yake ni miongoni mwa zinazokubaliwa. Mwenye printa ya rangi sita asing'ang'anie kijivu kitupu: aongeze ujoto wa makusudi kwenye faili, maana kuyumba kwa rangi hakutaonekana sana.

Hatua ya 6. Acha picha ikauke hadi kesho yake, kisha uitazame kando ya dirisha, pasipo jua la moja kwa moja, na tena chini ya taa ya aina aliyonayo mteja nyumbani. Ikionekana tofauti sehemu hizo mbili, mimi hufuata taa ya mteja.