Kabla hujamtajia klayenti wa kwanza bei ya websaiti

Umejifunza WordPress (ile programu ya kutengenezea websaiti), umetengenezea beshte yako websaiti ya bure, sasa kuna mtu hapa Kisumu amekupigia anauliza "utanifanyia na ngapi?" Tulia. Usitaje namba kwa simu. Mwambie utampigia jioni, alafu ukae chini na biro.

Toa kwanza pesa ambayo si yako. Domeni (jina la saiti) na hosti (mahali saiti inakaa mtandaoni) zinalipiwa kila mwaka, na mwaka wa pili bili inakuja hata kama klayenti alishasahau jina lako. Mwandikie kabisa: mwaka wa kwanza uko ndani ya bei, wa pili ni wake. Na hiyo domeni ya .co.ke isajiliwe kwa jina lake na imeili yake, si yako.

Bando, tokeni za stima, boda ya kwenda kumwona, zote andika. Masaa yako nayo hesabu kisha zidisha mara mbili, sababu ile ya beshte yako ulifanya bila mtu kukusumbua.

Kama ni kampuni, uliza mapema kama watakukata ushuru kabla ya kukulipa. Kazi ya kitaalamu ikifika shilingi 24,000 kwa mwezi wanakata asilimia 5 wanapelekea KRA, wale wa ushuru, kwa hivyo ukisema 40,000 inaingia 38,000. Pia wataitisha invoisi ya eTIMS (ile sistimu ya KRA ya invoisi za mtandaoni), maana tangu 2024 bila hiyo KRA haikubali waihesabu kama gharama yao. Jisajili mapema, usianze kukimbizana na watu wa saiba siku ya kulipwa.

Diposi ni nusu. Hiyo haina mjadala.

Sasa kuna hii ingine, na hii ndio ilinichoma: maneno na picha analeta nani?

Klayenti wangu wa kwanza alikuwa mama mwenye gesti upande wa Dunga. Nikamwambia 18,000, akanitumia 5,000, ingine "ikiisha". Vile nilifurahi sikuona hata kwamba domeni na hosti zilikula 6,200, yaani nimeanza kazi nikiwa chini 1,200. Kurasa zilikuwa tano, nikazipanga kwa siku sita, nikamwambia mama sasa nitumie picha za rumu na menyu. "Leo jioni, kijana wangu." Jioni ikapita, ingine ikapita, baada ya wiki mbili WhatsApp ikalia: menyu imeandikwa na biro kwa karatasi ya kitabu cha shule, imepigwa picha usiku na flashi, na pale kwa bei ya samaki kidole gumba chake kimekaa. Ni 600 ama 800, sijui. Picha za rumu nazo vitanda havijatandikwa.

Nikasema wacha niende mwenyewe. Nikaazima simu yenye kamera poa, nikachukua boda, nikafika saa tatu asubuhi, kumbe wageni wanatoka saa tano, nikakaa hapo risepsheni nikikunywa chai (ambayo nililipia, tafadhali). Nikapiga rumu tatu. Ya nne neti ya mbu ilikuwa imeraruka, mama akasema hiyo usipige, njoo wiki ijayo nitakuwa nimebadilisha. Wiki ijayo neti ni ile ile. Mwezi ukaisha, nikaulizia balansi, akaniambia kwa upole kabisa, "Lakini kijana, si haijaisha? Rumu namba nne haiko." Na ukweli alikuwa sawa, ni mimi nilikubali "ikiisha". Kati ya zile 13,000 nilikuja kupata 6,000 baada ya miezi minne, mara mbili kwa M-Pesa, zingine nikaachana nazo.

Kwa hivyo hilo neno "ikiisha" litoe kwa kotesheni yako, weka tarehe. Andika klayenti ataleta maneno na picha ndani ya siku 14, na asipoleta balansi inalipwa tarehe ile ile, saiti inakaa na nafasi wazi akijipanga. Kama hana picha, kupiga ni bei yake, kuandika maneno ni bei yake, zote ziko kando. Kazi ya kuchapa menyu ya mtu ni kazi, usiifanye kama msaada.

Marekebisho ni mara mbili, ya tatu inalipiwa. Akiomba upunguze bei, punguza na kurasa. Akisema atakuletea watu wengi, mwambie asante, watu wakija tutaongea yao. Usijadili bei mbele ya marafiki zake wakila samaki. Weka bakapu, yaani nakala ya saiti. Usishike simu yake saa nne usiku, ukishika mara moja hiyo ndio ofisi yako. Na akianza na "ni kitu kidogo tu", muulize hicho kidogo kina kurasa ngapi.