Jinsi nilivyolihamishia shamba langu la mikorosho kwenye kilimo hai

Mwaka wa kwanza niliacha kila kitu kwa mkupuo. Mwezi wa pili nilitangaza nyumbani kwamba dawa haiingii tena shambani, na kuanzia siku ile haikuingia. Mwezi wa saba maua yalipotoka, asubuhi moja nikayakuta meupe kama yamemwagiwa unga wa muhogo. Wiki mbili baadaye yalikuwa meusi, yanapukutika ukiyagusa. Shamba lililonipa kilo 640 msimu uliotangulia likanipa 210. Mwanangu mmoja alikuwa kidato cha pili, na ada yake ilitoka kwenye mbuzi.

Naandika haya kwa mkulima wa Newala, Tandahimba, Masasi, Ruangwa au Nachingwea anayetaka kuhamia kilimo hai na mikorosho ndiyo mkate wake. Inawezekana. Mimi nimehama, na msimu uliopita nimevuna kilo 700 na kidogo. Ila inataka mpangilio, na mpangilio wenyewe ndio huu.

Shamba langu lipo nje kidogo ya Kitangari, ekari 2 na nusu. Limetoka kwa mjomba, maana kwetu Wamakonde mali hufuata upande wa mama. Mjomba alipanda mikorosho karibu karibu, kila mche uliochipua aliuona ni baraka. Nilipolipokea lilikuwa na mikorosho 96, matawi yamekumbatiana mpaka mchana unahisi jioni.

Mpwa wangu, aliyesoma Mtwara mjini, ndiye aliyenisomea habari ya Sri Lanka. Mwaka 2021 serikali yao ilizuia mbolea na dawa za viwandani zisiingie nchini, ghafla, wakulima hawajajiandaa. Mpunga ukashuka, chai ikashuka, na kabla mwaka haujaisha katazo likalegezwa. Nikamwambia, hawa wamefanya nililofanya mimi, ila wao ni nchi nzima. Akanisomea pia ya Sikkim, jimbo dogo la India. Wao walianza safari hiyo mwaka 2003 na wakatangaza jimbo lote ni la kilimo hai mwaka 2016. Miaka 13. Nilitulia moyo kusikia hivyo. Nikaacha kuharakisha.

Jua kwanza kinachokatazwa

Wengi wanadhani adui wa kilimo hai kwetu ni salfa. Sivyo. Salfa ya unga, ile ya manjano tunayopulizia mikorosho kuzuia ukungu, inaruhusiwa kwenye viwango vya kilimo hai vya Afrika Mashariki vilivyopitishwa mwaka 2007, na hata soko la Ulaya linaikubali. Kinachokatazwa ni dawa za maji za ukungu zinazotengenezwa viwandani, dawa za kuua wadudu za aina hiyo, dawa za magugu na mbolea za chumvichumvi. Kwa hiyo kosa langu la mwaka wa kwanza halikuwa na sababu hata moja. Niliacha kitu nilichoruhusiwa kutumia.

Soma lebo ya mfuko. Ukikuta salfa imechanganywa na kiambato kingine, uliza kabla hujafungua. Na kuruhusiwa hakuna maana ya kumwaga. Udongo wetu huku juu ni mchanga mtupu, na salfa ikianguka chini mwaka baada ya mwaka huufanya udongo uwe na tindikali. Ukisikia mtu anasema mihogo yake chini ya mikorosho imedumaa, mwulize amepuliza salfa miaka mingapi.

Mpango wangu ulikuwa kupunguza salfa, na hiyo imewezekana kwa sababu ya kazi ninayoieleza sasa.

Mwanga na machipukizi

Ubwiriunga, ule ukungu mweupe ulioua maua yangu mwaka wa kwanza, unapenda kivuli, ubaridi na umande. Ukiugua mkorosho wako mwezi wa saba, ugonjwa haukushuka mbinguni mwezi huo. Ulikuwepo kiangazi kilichopita, ukavuka masika yote umejificha kwenye yale machipukizi laini yanayoota chini ya mti, kwenye shina na ndani ya kivuli ambako jua halifiki. Pale unakaa kama mgeni aliyepewa chumba. Maua yakitoka, anatoka chumbani.

Basi kazi ya kwanza ya kilimo hai ni panga na msumeno. Mara tu mavuno yakiisha, mwezi wa kumi na mbili hadi wa kwanza, kata matawi makavu, yaliyovunjika na yanayogusa ardhi. Kisha mwezi wa tatu hadi wa tano pita mti kwa mti ukiondoa machipukizi yote ya chini. Usiyaache hapohapo. Yatoe nje ya kivuli cha mti yakauke juani. Mwaka wangu wa pili nilipita mara moja nikaona inatosha. Mwaka wa tatu nilipita mara tatu, na tofauti niliiona kwa macho: maua ya kwanza yalitoka masafi.

Kisha kuna jambo gumu, kupunguza mikorosho. Nafasi inayoshauriwa ni mita 12 kwa 12, yaani mikorosho kama 28 kwa ekari. Kwangu ilipaswa kubaki 70, nikate 26. Nilikaa na neno hilo msimu mzima. Kukata mkorosho wa mjomba ni kama kumzika mara ya pili, na mama yangu mdogo hakunisemesha kwa wiki. Nilichofanya ni kuhesabu. Msimu mmoja niliokota korosho za kila mti kwa kibaba chake na kuandika. Mikorosho 22 haikufikisha hata kilo 2 kila mmoja, yote ilikuwa imefunikwa na majirani zake. Nilipomwonyesha mama mdogo daftari, akasema kata. Kata kwa awamu, ukianza na isiyozaa. Ukiwa na mkorosho mzee wenye nafasi nzuri lakini usiozaa, usiung'oe: ukate kisiki uchipue, kisha ubebeshe kikonyo, yaani uunganishe kijiti cha mti wa mbegu bora. Wataalamu wa kituo cha utafiti cha Naliendele wanafundisha kazi hiyo, na mbegu hizo ndizo wanazozalisha.

Siku hizi napuliza salfa mizunguko 3 badala ya 5, gramu 250 kwa mkorosho mkubwa kila mzunguko, zikipita siku 14 katikati. Naanza nikiona dalili kwenye maua, sianzi kwa kuangalia kalenda ya jirani. Alfajiri kabla upepo haujaamka, umande ukiwa bado unashika unga. Funga pua na mdomo, vaa miwani. Salfa inaruhusiwa shambani, ila haijaruhusiwa kwenye mapafu yako.

Maji moto

Hapa ndipo ninapopenda kukaa. Mbu wa mikorosho anafyonza machipukizi machanga na kuyaacha na madoa meusi mpaka ncha zinakauka, na ncha iliyokauka haitoi ua. Wengi hukimbilia dawa. Lakini shambani kwako huenda tayari una mlinzi: maji moto, wale chungu wekundu warefu wanaoshona majani yakawa kiota. Tulikuwa tunawachoma moto kwa sababu wanauma. Kumbe wao ndio wanaomfukuza mbu yule, na kunguni wa minazi pia.

Zunguka shamba uhesabu viota. Kwangu vilikuwa kwenye mikorosho 9 tu, upande wa mwembe. Ukitaka kuwaeneza, kata kiota kizima asubuhi mapema kukiwa na baridi, kitie kwenye mfuko, kafunge kwenye mkorosho usio na chungu. Ila usichanganye familia mbili. Chukua wachache wa kiota hiki uwaweke na wachache wa kile kwenye jani moja. Wakipigana, hao si ndugu, wape miti iliyo mbali mbali. Wakigusana tu na kupita, wafunge jirani na uunganishe miti kwa kamba ili watembee juu bila kukanyaga chini. Chini wana adui wao, sisimizi wadogo wenye vichwa vikubwa, ambao huwamaliza. Kiangazi, majani machanga yakiwa hakuna, nawawekea maji ya sukari kwenye kifuniko na vipande vya dagaa. Majirani walinishangaa. Leo wawili kati yao wamekuja kuomba viota.

Siku ya kupogolea paka majivu mikononi na shingoni. Wakati wa mavuno hawasumbui sana, kwa sababu korosho unaiokota chini baada ya bibo, tunda lake, kuanguka lenyewe.

Udongo

Acha kuchoma majani. Najua tunafagia chini ya mikorosho ili tuzione korosho, nami nafagia, ila majani nayarundika duara kwenye ukingo wa kivuli cha mti, ambako mizizi inayokula ipo. Mbolea ya mboji naitengenezea kwenye shimo, siyo juu ya ardhi, kwa sababu maji kwetu ni ya kununua kwa ndoo na lundo la juu hukauka ndani ya wiki. Lijaze mvua zikiwepo: majani, magugu mabichi, samadi ya mbuzi, majivu ya jikoni. Majivu yanapunguza ile tindikali. Katikati ya mistari napanda mbaazi na kunde, na majani yake yanabaki palepale baada ya kuvuna.

Kabla hujaongeza chochote, peleka udongo ukapimwe. Chimba kina cha shubiri moja sehemu kadhaa, changanya, tenganisha wa chini ya mikorosho na wa katikati ya mistari. Mimi nilishangaa jinsi majibu yalivyotofautiana shamba moja.

Jirani, daftari na ghala

Jirani yangu wa mashariki anatumia dawa ya maji, na upepo wa kusi hauulizi mpaka. Tulizungumza kwa heshima. Ananiambia siku moja kabla ya kupuliza, nami mstari wangu wa mpakani nauvuna peke yake na kuuza kama korosho za kawaida. Nimepanda pia mbaazi ndefu mpakani. Usigombane na jirani kwa ajili ya kilimo hai, kwa sababu bila yeye huwezi kukitunza.

Daftari ndilo shahidi wako. Andika tarehe, ulichofanya, ulichotumia, kiasi, na kilo ulizovuna kila siku. Korosho ya kwenda Ulaya kama korosho hai hutaka miaka 3 ya kuhama kabla ya mavuno, na mkaguzi atakapokuja ataomba miaka yote. Ukaguzi wa mkulima mmoja ni ghali mno, usiujaribu peke yako. Jiungeni kikundi, mkaguane wenyewe kwanza, shamba kwa shamba, na anayedanganya aondolewe mapema, kwa sababu akikamatwa yeye mmoja mnaanguka wote. Kwa alama ya Kilimohai inayotumika Afrika Mashariki, anzeni na shirika la TOAM, linalounganisha wadau wa kilimo hai nchini tangu mwaka 2005.

Nikuambie ukweli mchungu kuhusu bei. Ndani ya ile miaka 3 unafanya kazi ya kilimo hai na unauza kwa bei ya kawaida. Usimwamini anayekuahidi vinginevyo. Faida niliyoipata kipindi hicho ilikuwa kwenye matumizi, fedha ya dawa iliyobaki mfukoni. Na usiingie kangomba, ule ulanguzi wa korosho nje ya ushirika. Ukishauza korosho zikiwa bado maua, hakuna daftari wala kikundi kitakachokusaidia, maana mavuno si yako tena.

Tatizo la mwisho ni ghala. Kwa mfumo wa stakabadhi ghalani korosho za watu wote huenda pamoja, na zikishachanganyika, kazi yako ya miaka 3 haionekani tena. Kwa hiyo kikundi kiende kwa viongozi wa AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, mapema, mwezi wa nane au wa tisa, kuomba sehemu ya ghala na mnada wa pekee. Sisi mara ya kwanza tulikwenda mwezi wa kumi, ghala limeshajaa, tukauza na wenzetu.

Okota kila siku, tenga bibo na korosho bila kuacha nyama, anika juani siku 2 hadi 3 juu ya mkeka au sakafu safi, mpaka ukucha usiingie kwenye ganda na ukitikisa usikie mlio mkavu. Tumia magunia ya katani au juti, mapya. Mfuko wa mbolea au wa salfa hata ukifuliwa mara kumi usiutumie. Magunia yetu tunayashona kwa uzi wa kijani na kuandika namba ya mkulima kwa makaa. Ghalani yanakaa juu ya mbao, upande wa kushoto ukiingia, na kati yake na magunia mengine tumeacha nafasi ya mtu mmoja kupita.