Pasi ya Mkaa: Usiisugue Kabla Hujaisoma

Babu yangu alikuwa dobi Ngamiani, Tanga. Alikuwa na pasi mbili za mkaa zilizokuwa zikipokezana, moja mezani na nyingine nje inapepewa. Alipofariki, baba mdogo aliziuza kwa wapima vyuma chakavu. Tangu siku hiyo ninatafuta za watu wengine. Zimefika kumi na tisa, na mke wangu amekataa nisiongeze rafu.

Ukitaka kuanza, duka la vitu vya kale liache mwisho. Huko unamlipia mwenye duka kodi ya pango. Wahi kwa wapima vyuma chakavu asubuhi, kabla mzigo haujapakiwa. Mzani haujui umri, kwa hiyo pasi ya kilo mbili na nusu bei yake ni sawa na gia mbovu ya uzito huo. Bora kuliko yote ni kubisha hodi kwa wazee. Shikamoo kwanza, pasi baadaye. Uliza ilinunuliwa wapi, nani aliishika, na ilipiga nguo zipi, kisha andika palepale na ufunge karatasi kwenye mpini. Bibi mmoja wa Pangani aliniambia yake ilikuwa ya kanzu za Ijumaa tu. Nguo nyingine walizilaza chini ya godoro.

Pasi yangu ya kwanza niliiharibu. Nilimpelekea fundi, akaipitisha kwenye mashine ya kusagia, ikarudi inang'aa kama sufuria mpya. Chini ya bawaba palikuwa na herufi. Sasa pamekuwa laini kama goti la mtoto, na sitajua kamwe ilitoka wapi.

Kwa hiyo kabla ya kitu kingine, soma. Osha kwa maji na mswaki wa zamani, basi. Usiku zima taa, laza tochi ya simu karibu iguse chuma, umulike kwa ubavu: herufi zilizofifia zitatupa kivuli. Zikigoma, paka unga wa muhogo kisha futa kwa kiganja. Unga hubaki kwenye mabonde. Angalia ndani ya kifuniko, chini ya mpini, kwenye bawaba na kisogoni.

Ukisoma A. Kenrick & Sons, hicho ni kiwanda cha West Bromwich, Uingereza, kilichoanza 1791. "Rd No" yenye tarakimu ni namba ya usajili wa umbo. Waingereza walianza mfululizo huo 1884, hivyo pasi hiyo haiwezi kuwa ya kabla ya hapo. Kwenye za Marekani, "PAT" na tarehe ni siku hataza (hati ya haki ya mvumbuzi) ilipotolewa, si siku chuma kilipomiminwa. Mary Florence Potts alipata hataza ya mpini wa kuchomoa 1871, na pasi za aina yake ziliendelea kutengenezwa miaka mingi baadaye. Ukiwa na namba ya hataza, iandike kwenye Google Patents uone mchoro. Na ile tarakimu moja kubwa kwenye pasi ya chuma kizima, ya kupasha juu ya jiko, ni saizi tu. Kuna muuzaji alinishikilia kuwa 7 ni 1907!

Za umeme mimi sizikusanyi sana, ingawa Henry Seeley wa New York alipata hataza yake mapema, 1882. Ukiipata ya zamani, usiichomeke, na waya wake wa kitambaa usiuchanechane. Huenda una asbesto, nyuzi za madini zinazodhuru mapafu.

Za kuigiza zipo. Rangi nyeusi nzito na kingo kali za matundu zikutie shaka. Pasi iliyofanya kazi mpini wake umeungua upande wa chini, na kingo za kitako zimelika.

Kusafisha: fungua mpini, mti wake usiuloweke. Chuma kilale kwenye siki usiku mmoja, kisha kioshe kwa maji ya magadi kuua ukali wake, kianike juani mara moja, ukipake mafuta ya cherehani. Shaba, ambayo sumaku haiishiki, isugue kwa ukwaju.

Kuijaribu, toka nje, kwani moshi wa mkaa kwenye chumba kilichofungwa unaua. Tia makaa ya vifuu, uiyumbishe mbele na nyuma mpaka yawake, kisha upitishe kitako juu ya jani bichi la mgomba. Ikikwaruza, kutu bado ipo.

Ile ya Pangani inateleza. Mpini wake una kibonyeo cha kidole gumba upande wa kulia, yaani aliyeishika alitumia mkono wa kushoto. Nikampigia bibi simu kumuuliza kama ni yeye. Akacheka.

"Si mimi, mwanangu. Ni marehemu mume wangu. Kanzu zake hakumwachia mtu."